Vipele vya Escudo

Usiniambie ni rangi tu.
Bati hupakwa na yeyote mwenye bunduki na kiburi;
plastiki yenye vipele ni ngozi,
ukiijaza inakufa uso,
inabaki inang'aa kama kipara cha mweka hazina wa kanisa.

Fundi Mbazi alinifunza hivyo hapa Pasua,
mwaka wangu wa kwanza, kwa kofi moja na soda moja:
"Msasa laini. Brashi ya meno. Sabuni ya vyombo.
Ukiona haraka imekushika, kanywe maji."

Jumanne ikaletwa Escudo.
Kijani cha bodi bado kinajitetea,
lakini bampa, madigadi, na ule mkanda wa ubavuni
vimepauka kama visigino vya kiangazi.
Jua la Moshi halina adabu kwa vyeusi.

Nikapiga sabuni. Povu likatoka jekundu:
udongo wa Kibosho, wa Old Moshi, wa misiba yote ya ukoo,
ulijificha vipeleni miaka na miaka.
Brashi ikazunguka, chwa chwa chwa,
nikafika mlango wa nyuma, upande wa kushoto,
mkono ukasimama wenyewe.

Mkwaruzo.
Shibiri moja na nusu, unapanda kidogo mwishoni
pale pedali ilipokwama kabla sijaanguka.

Darasa la sita. Baiskeli ya mjomba Kiwia, haina breki,
mteremko wa kanisani, na gari la Mwalimu Aikande
limeegeshwa kwa heshima zake zote.
Kesho yake aliuliza mstarini, mara moja tu:
"Nani?"
Kimya kilikuwa kirefu kuliko wimbo wa taifa.
Mimi nilikuwa nakagua kucha zangu.

"Hapo piga puti," akasema Mbazi akipita.
Nikamwambia puti itakula vipele,
patakuwa na kipara, kila jicho litaanzia hapo.
Ilikuwa kweli. Ukweli wa fundi.
Ule mwingine niliumeza pamoja na vumbi.

Nikafuta kwa spiriti. Nikabandika magazeti.
Praima ya plastiki, nyembamba kama pumzi kwenye kioo.
Nikasubiri. Umeme ukakatika; nikasubiri tena.
Upepo ukaleta majivu ya miwa kutoka TPC,
yale masizi mepesi yasiyobisha hodi,
nikafunika kila kitu kwa shuka la kitanda changu.
Kisha nyeusi isiyong'aa,
mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu,
kila mmoja mwembamba, kila mmoja ukipita bila kusita,
maana ukisita, rangi hutoa machozi.

Vipele vikabaki, kimoja kimoja.
Mkwaruzo nao ukabaki,
mweusi sasa, safi, umevaa vizuri kuliko siku ile.

Ijumaa akaja mwenyewe.
Nywele zake zimekuwa na rangi
ile niliyotoka kuifukuza kwenye bampa.
Alilizunguka gari kama anasahihisha daftari.
Akainama. Kidole kikafuata mstari,
kikapanda kidogo mwishoni.
"Hapa hamkuziba."
"Hapazibiki, Mwalimu. Pakizibwa panaonekana zaidi."
"Enhe," akasema,
sauti ileile ya kugeuza ukurasa.

Alihesabu noti juu ya boneti, akamkabidhi Mbazi,
akanong'ona naye kidogo,
akatoka akiwa amewasha indiketa
ingawa njia ilikuwa tupu.

Mbazi akahesabu mara mbili, akasonya.
"Kakata elfu tano. Eti ya mkwaruzo!
Mkwaruzo alikuja nao mwenyewe!"
Nikachomoa elfu tano mfukoni, ya chakula cha mchana,
nikaiweka juu ya zile nyingine.
"Ya nini sasa?"
"Chukua tu, Fundi."

Miaka kumi na tisa. Riba sijui.
Nikarudi kuosha brashi ya meno;
maji kwenye ndoo yalikuwa bado mekundu.