Masika Hukoma Lini?

Redio ya Micheweni, kipindi kilisikika:
"Chemsheni, chemsheni, maji yote ya kuteka!"
Wagonjwa wa kituoni, kwa mwezi wakatoweka,
Wafadhili kikaoni, makofi yakamwagika.

Time Faki wa chuoni, hesabu akazishika:
Makangale msituni, mawimbi hayakufika,
Na huko wa kitandani, sawasawa wakashuka.
"Masika hukoma lini?" kauliza; wakacheka.

"Mwenye redio nyumbani, na kisima kafunika;
Nitaapa kwa yakini, ni sauti? Nina shaka.
Kipindi sikilaani, ushahidi nautaka:
Kutakucha uwanjani, jogoo asipowika.

Tia kura kikapuni, kila shehia andika,
Nusu iwe ya hewani, nusu isubiri mwaka."
Usiku, kwake jikoni, maji yake yachemka.