Mizunguko

Mimi nasuka mota, Njoro, kibanda chenye mlango wa bluu.
Pampu za visima, mashine za kusaga, feni za kanisani.
Waya wa shaba nauhesabu kwa midomo,
mia na kumi, mia na kumi na moja,
ukinisalimia katikati sikuitikii. Usinune.

Sasa kila alfajiri, kabla hata ya chai,
naanza na mkono wa Aikande.

Titi walilikata mwaka juzi,
na tezi za kwapani wakaondoka nazo.
Tulichinja mbuzi. Tulishukuru kwa sauti.
Kumbe maji ya mwili nayo yana mifongo yake,
kama ile ya kwetu Uru, inayoshuka kihamba kwa kihamba,
na mfongo ukifukiwa maji hayarudi mlimani:
yanatuama palepale, yanalowesha mashina.
Ndivyo mkono wa kushoto ulivyoanza, kidole kwa kidole,
hadi pete ikazama.
Niliikata mwenyewe kwa koleo la kazini,
yeye akitazama ukuta, mimi nikitazama pete.
Ipo kwenye kopo la washa. Hatujaizungumzia.

Nesi alitufundisha: anzia vidoleni, panda,
kaza kiganjani, legeza ukielekea begani.
Nikajiona najua. Mimi, nani wa kunifundisha kuzungusha?
Usiku ule nilikaza kama nasuka mota ya kinu.
Saa nane akaniamsha, vidole baridi,
kucha rangi ya zambarau.
"Fundi," akasema, "mimi sipitishi umeme. Fungua."
Nikafungua gizani, mita kwa mita,
bandeji ikilundikana miguuni pangu,
nami nalia bila sauti, nikidhani hasikii.

Nimejifunza upya.
Kwanza mafuta. Kisha viganja vyangu vyenye sugu
vinapita juu ya ngozi tu, polepole,
kwa uzito ule wa kupima kama mtoto ana homa,
kuyaonyesha maji njia ya kuzunguka,
kifuani, hadi kwapa la pili.
Hapo ndipo bandeji.

Februari ya Moshi haina huruma na mtu aliyefungwa hivi.
Jasho, muwasho, blauzi zote mkono mmoja umefumuliwa.
Mama Ndelilio akaziona bandeji kambani:
"Nani kavunjika?"
Hakuna.
"Si mlisema amepona?"
Amepona.
"Sasa?"
Sasa ndiyo hii.

Mwezi wa nne alichomwa na mwiba
akikata majani ya mbuzi, mwiba mdogo, wa kucheka nao.
Kesho yake mkono mwekundu hadi kiwiko, unawaka,
meno yanagongana mchana kweupe.
Siku kumi za vidonge, kibanda nimekifunga,
mota za watu zimelala matumbo wazi.
Siku hizi glavu zinaning'inia msumari mmoja na mundu.
Anazivaa akitukana, lakini anazivaa.
Na zahanati, mtu akishika mkono ule kupima presha,
"Wa kulia!" tunasema pamoja, kama kwaya.

Kuna siku anachoka. Anageukia ukuta:
"Leo niache. Leo uwe mkono tu."
Namwacha. Naukalisha juu ya mito miwili,
natoka nje, natengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Daftari langu la kazi, fungua ukurasa wowote:
*Pampu ya Ngowi, mizunguko themanini na sita.*
*Feni ya Usharika, waya umeungua, amelipa nusu.*
*Aikande, juu ya kiwiko, thelathini na tatu.*
*Kinu cha Mama Tarimo, bado.*
*Aikande, thelathini na mbili na nusu.*
Sikuweza kumtafutia daftari lake.
Ningeandika nini kwenye jalada?

Leo nimezungusha futi kamba, nikainama kusoma.
Thelathini na mbili na nusu. Juzi hivyo hivyo.
Haujapungua, haujaongezeka.
Ameuinua mkono, akaugeuza dirishani,
akaikagua kazi yangu mzunguko kwa mzunguko
kama mteja asiyeniamini.
"Haya, fundi," akasema. "Leo hujaiba waya."