Siku Tisini

Saa tatu ya usiku, na jua la Dundee
bado linajivutavuta mlangoni
kama mgeni aliyekwisha kuaga.
Meza yangu inachechemea mguu mmoja;
nimeuwekea kitabu cha takwimu
nilichoshindwa kukimaliza.
Hatimaye kimepata kazi.

Kwenye kioo: mistari elfu arobaini na moja,
mia tatu na sita. Kila mstari ni mtu.
Majina wenye duka waliyachambua mapema
kama mtu anayetoa chuya kwenye mchele,
wakanipa punje tupu:
umri, mtaa, tarehe, kapu.

Tasnifu yangu ina swali moja: nani atahama?
"Fafanua kuhama," alisema Daktari Petrie.
Nikafafanua. Mteja asiyenunua kitu
siku tisini, amehama.
Sifuri akibaki, moja akienda.
Nikatia rejeo mbili, mabano, mwaka, nukta.
Akafurahi. Ukurasa wa kumi na tisa.

Na modeli inabashiri vizuri,
asilimia themanini na saba.
Nilimpigia mama nimtambie.
Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:
"Na hao kumi na watatu wamekukosea nini?"

Mama ana duka Muheza, upana wa kitanda,
na daftari la mkopo lenye kalamu iliyofungwa uzi
isiende na mtu.
Siku ya tatu bila Bi Mwanahawa
kuja kuchukua nusu yake ya sukari,
mama hutuma mtoto:
nenda kaulize kuna nini.
Mara nyingi ni homa.
Mara nyingine ni deni, mtu anaona haya.
Mara moja ulikuwa msiba,
nasi tukafika kabla ya turubai.

Usiku huu nimekwama kwa mteja 20817.
Sikumtafuta. Nilikuwa nasaka seli tupu.
Mtaa wa Lochee, kila Alhamisi, saa nne asubuhi:
mkate mdogo, maziwa, makopo sita ya chakula cha paka.
Alhamisi. Alhamisi. Alhamisi.
Kisha makopo yakakoma.
Mkate ukaendelea wiki tano, peke yake na maziwa.
Kisha kapu moja, siku ya Jumatatu,
yeye ambaye hakuijua Jumatatu:
kadi ya salamu, stempu moja.
Kisha hakuna.

Siku ya tisini na moja
modeli ikaandika: 1.
Ilikwisha kumbashiri tangu makopo.
Ilipatia. Yumo ndani ya themanini na saba.

Kwetu kuhama kunataka gari,
godoro juu, sufuria zikigongana,
jirani akisema haya, mtukumbuke.
Huyu sijui. Huenda yuko kwa binti yake Perth,
ananunua mkate duka la kona.
Safu hiyo haipo, na siwezi kuibuni.

Niliandika, chini ya Mapungufu ya Utafiti:
Data hizi hazimtofautishi
aliyekwenda duka jingine
na aliyekwenda.
Rasimu imerudi na duara jekundu:
"Aliyekwenda wapi? Sentensi haijaisha."

Zimebaki siku nne, na maneno mia mbili ya kukata.
Nimekata aya nzima kuhusu ushindani wa soko.
Nimekata "aidha" kumi na moja.
Nimekata hata mchoro niliolilia Juni.
Sentensi ile nimeipita mara tatu, mkono juu ya kitufe,
nikaenda kuchemsha maji,
nikarudi nikaikuta imekaa vilevile,
haijaisha.

Saa kumi na nusu alfajiri, mbingu imeanza kupauka,
simu ikatikisika juu ya meza, meza nayo ikatikisika.
Mtoto wa jirani, Shamte, kwa simu ya mama:
"Dada shikamoo. Nimetumwa.
Naambiwa nikuulize kuna nini."

Nikahesabu kwa vidole.
Sijapiga tangu Jumapili.
Leo Jumatano.