Jiwe la Kilo Kumi

Kazi yangu ni kupima.
Mwaloni Kirumba, chini ya bati lililotoboka,
magunia ya dagaa yanapanda, namba zinanitoka mdomoni,
na hakuna mwanamke hata mmoja, toka Ukara hadi Kome,
aliyewahi kuniamini mara ya kwanza.
"Rudia," husema. Narudia.
"Ondoa mguu." Sijaweka mguu. Naondoa.

Mwaka ule wa barakoa za vitenge
soko lilinuka tangawizi kuliko samaki.
Masufuria yalitokota nyuma ya choo cha kulipia,
tukaingia chini ya blanketi moja watatu watatu,
tukatoka nyuso zimeiva, tukikohoa, tukicheka.
Shija, aliyenishikia daftari, hakucheka.
Siku ya tisa aliandika saba kama moja.
Siku ya kumi na moja daftari nikalishika mwenyewe.
Kwenye cheti waliandika nimonia.
Mama yake alikikunja mara nne, akakitia kwenye kopo la chumvi.

Kisha chanjo ikaja, na maneno mbele yake,
kama mbwa anavyomtangulia mwenye shamba.
Lugobi wa barafu: itakugandisha damu.
Fundi Masanyiwa: wameipika miezi kumi,
hata wavu wangu mzuri hula mwaka!
Mwinjilisti akasema damu ya Mwanakondoo yatosha,
huku kavaa barakoa mbili.
Binti wa chuo akatoa simu, akasoma kwa sauti,
akaambiwa ni simu hiyohiyo iliyosema ya jana.
Na mchukuzi mmoja, jina silijui, akauliza taratibu:
mbona hii ya bure, na panadoli nanunua?
Swali hilo lilikaa.
Hata mimi sikupata pa kuliweka.

Nyanzobe wa Ukara, aliyezika wawili,
hakupinga wala hakukubali.
Alinyooshea kidole mizani yangu:
"Hii nilianza kuiamini lini?"
Sikumbuki, nikasema.
"Siku uliyoleta lile jiwe la kilo kumi, lenye mhuri,
ukalipakata kama mtoto, ukaliweka mbele yangu,
mshale ukasimama kwenye kumi.
Basi. Na hao walete jiwe lao."

Jumatano akaja nesi, Sista Kabula,
na boksi la bluu, barafu ikimchuruzikia viatuni.
Tulimzunguka kama mnada.
Homa? Ndiyo, siku mbili. Mkono? Utauma.
Walijaribiwa maelfu kwanza, akasema,
nusu wakachomwa maji ya chumvi bila kuambiwa,
kisha wakahesabiwa nani kaugua.
Nyanzobe akauliza: "Na baada ya miaka ishirini?"
Nesi akatazama ziwa,
magugumaji yamejazana hadi kwenye ngazi za mitumbwi.
"Sijui," akasema. "Hakuna anayejua.
Najua wodi ilivyokuwa Julai."

Mmesikia! Hajui! Soko likapasuka,
Masanyiwa akapiga kofi hadi sindano yake ya nyavu ikaanguka.
Lakini mimi, miaka kumi na minne mbele ya mshale,
nawafahamu wanaotaja uzito kabla gunia halijatulia:
hao ndio wezi.
Ile sijui ya yule mwanamke ilikuwa na gramu zake.
Nikakunja shati.

Usiku niliogopa, nisidanganye.
Mkono ulikuwa mzito kama si wangu.
Karibu na alfajiri nikamwota Shija
akiandika saba, vizuri, na kikofia chake.

Nyanzobe hakuchanjwa. Si siku hiyo.
Ila kila asubuhi, kabla hajashusha mzigo,
hunishika bega lilelile, akalibonyeza kwa kidole gumba
kama anavyobonyeza dagaa kujua wamekauka.
"Umeamka?"
"Nimeamka."
Anatoa kamba kiunoni, anafunga fundo jingine.
Jana yalifika thelathini na tisa.
"Rudia," anasema.
Narudia.