Koki ya Mtungi

Uwanja wa Nachingwea ni mrefu kuliko haja yake.
Walioujenga walifuata karanga, wakaondoka bila karanga,
wakatuachia njia ya ndege na upepo wake.

Asubuhi ile tuliwafukuza mbuzi kwa honi ya ambulansi,
tukampakia Bakiri, miaka minne, mbavu zikibonyea
kama kiroba kinachofyonzwa na mtu asiyeonekana.
Mama yake, Somoe, alibeba kanga mbili na chupa ya uji.
Mimi nilibeba mtungi mmoja, barakoa ya mtoto,
na kile kipimo kinachong'ata kidole kama gando
kisha kinasema namba.

Tisini na nne, kikasema.
Miaka kumi na saba nahesabu pumzi za watoto wa watu.
Nilidhani naijua pumzi.

Juu ya Matandu wingu lilisimama kama ghala.
Kapteni Mchopa akageuka nusu:
"Tunapanda. Dakika ishirini tu, sista.
Ukisikia raha isiyo na sababu, niambie."
Nikacheka. Nani hushitaki raha?

Hewa ya juu ni ileile ya Nachingwea,
ila imekuwa kilo moja ya unga
kwenye msiba wa kijiji kizima:
unavuta kifua tele, unapata kijiko.
Na mwili haupigi kelele. Hilo sikulijua.
Ukikabwa, unapambana. Ukizama, unatapatapa.
Huku hakuna aliyekukaba. Hewa chafu inatoka vizuri,
nawe unadhani umeshiba.

Kucha zangu ziligeuka zambarau. Nikaziona nzuri.
Nikaanza kutunga, mimi
nisiyewahi kutunga hata salamu za Idi:

    Mawingu yamenijia, meupe mfano pamba,
    Moyo unachekelea, natamani kujigamba,
    Bakiri amepumua, kifua hakina kamba,
    Koki nitaifungia, mtungi, mtu, tungi la

Mkono ulikuwa tayari kwenye koki,
ukizungusha taratibu, kama nifungavyo bomba la wodini
usiku, maji yasipotee.
Tisini na moja, kikasema kipimo.
Themanini na nane.
Nikaitazama ile nane na nane, viduara vinne,
nikafurahi kwamba vinalingana.

Somoe hakujua futi wala asilimia.
Naye alikuwa amelewa; baadaye alinieleza
alimwona marehemu bibi yake
kakaa juu ya bawa, anabangua korosho.
Lakini kiganja chake kilikuwa kifuani pa mwanawe
tangu tulipowafukuza mbuzi,
na kiganja hakikulewa.
Kilisikia mbavu zinaanza tena kubonyea.
Akanishika kifundo cha mkono, bila neno,
akarudisha koki ilikotoka,
kisha akakipiga teke kiti cha rubani.

Tukashuka.
Kwanza nilirudishiwa baridi.
Halafu kichwa kikauma, halafu nikaikumbuka
siku ya juma, jina la mganga mkuu, jina langu.
Aibu ilikuja ya mwisho, tulipoiona mikoko ya Rufiji,
ikakaa, haijashuka ndegeni hadi leo.

Bakiri yuko darasa la pili. Anapiga filimbi
ambayo mama yake amechoka kuificha.

Nakala ya fomu ya rufaa ninayo kabatini.
Mistari ya mwanzo imenyooka, namba na saa,
mwandiko wangu wa kila siku.
Kisha herufi zinaanza kupanda mlima,
kubwa, duara, zenye mikia kama za mtoto wa chekechea.
Saa nne na robo, nimeandika,
hali ya mgonjwa nzuri,
hali ya muuguzi nzuri sana sana sana