Safu Isiyo na Jina

Tuliokoa elfu tisini.
Niliiandika mwenyewe, kwa wino wa bluu,
siku Bwana Mihayo aliponunua vifuniko vya mtumba,
mipira yake imekauka kama midomo ya kiangazi.
"Asali haiozi," alisema. "Tangu lini asali ikaoza?"

Mwezi wa tatu mapipa kumi na mawili
yakashushwa stesheni ya Tabora, yamerudi kutoka Dar,
yamevimba matumbo.
Tukafungua moja: povu, harufu ya wanzuki.
Mpagazi akacheka, akaomba kikombe.

Nikaandika: nauli ya kwenda. Nauli ya kurudi.
Chujio jipya. Posho ya Kalunde na wenzake,
siku nne wakichuja walichokwisha kuchuja.
Na vifuniko vipya, vilevile tulivyovikataa,
sasa vimepanda bei.

Jumla: milioni mbili na ushee.
Lakini ukurasa ukakataa kufungwa.
Niiandike wapi simu ya mnunuzi ambayo hailii?
Nimweke wapi Sizya wa Ipole,
aliyekesha porini na moshi machoni,
akakata masega yaliyokomaa tu,
mabichi akawaachia nyuki,
na leo anaulizwa mbele ya wanawe
kama huwa anatia maji?

Nimechora safu mpya pembeni, kwa rula.
Haina jina bado.
Kila asubuhi Bwana Mihayo huichungulia, hukohoa,
kisha huenda ghalani
kubonyeza mipira ya mapipa, mmoja mmoja,
kwa kidole gumba.