Nso

Bibi yangu hakusema figo, alisema nso.
Neno dogo, la kutamkiwa puani.
Nawaandikia nyinyi, wanangu wa mwaka wa pili,
mliorudi Amu likizoni na makoti yenye mikunjo ya sanduku,
mkaja kuniamkia kwenye kiti changu cha mashine.

Niliwauliza mtakuwa nani.
Famau akasema moyo.
Mwanahija akasema ubongo, akakunja uso
kana kwamba tayari anaupasua.
Bwanaadi akasema mifupa, maana wanasoka hulipa.
Badi alikuwa akitazama simu.
Hapana aliyesema figo.

Siwalaumu. Lugha nayo ina makosa yake.
Moyo tumeuimbia tangu tujue kuimba.
Maini hukatwa, mambo hutumbukia nyongo,
figo tunachoma mishikaki.
Nani aliwahi kumwambia mchumba wake, u figo langu?

Basi kesho pandeni matuta ya Shela kabla jua halijawaka.
Mvua huangukia pale na vumbi lake, na kinyesi cha ndege,
ikashuka punje baada ya punje, bila kelele,
ikafika kisimani tamu,
na bahari ipo pale pale, ukitupa jiwe unaipata.
Mchanga ule ndio nso za mji huu.
Hakuna aliyewahi kuushukuru.
Siku ndoo itakapopanda na chumvi
ndipo tutaita mkutano.

Mimi pia niliita mkutano nimechelewa.
Miaka thelathini na moja nilichora nefroni ubaoni
kwa chaki ya kijani, nikawatahini, nikawapa alama,
na presha yangu sikuipima.
Miguu ilipovimba nilinunua viatu vipana.

Sasa maji nayapima kwa kikombe cha kahawa.
Dafu, ambalo mgonjwa yeyote hapa huletewa,
kwangu mimi ni sumu.
Usiku wa joto namsikia samaki akijipiga ndani ya birika
na namwonea wivu, samaki!

Daktari wa figo huja kwa ndege, mara moja kwa mwezi.
Tuko kumi na wanne. Dakika zake hutugawia
kama tende chache kwenye futari ya watu wengi.
Mwezi uliopita ndege haikuruka.
Muuguzi Kadzo alihangaika na simu hadi magharibi.
Jumatatu yake, kiti cha Mzee Lali, kile cha dirishani,
kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Sitawadanganya kwamba ni kazi ya vigelegele.
Mgonjwa wako hataondoka akicheka; atarudi Alhamisi.
Utamjua mpaka majina ya wajukuu.
Utasoma karatasi ya damu ujue amekula ndizi,
naye ataapa hakula, na mtacheka wote wawili.
Na yuko mwingine, kijana mwenye kifua kipana,
utakayemwambia, pima mkojo leo, punguza chumvi,
akaepukana na kiti hiki asijue ameepukana na nini.
Huyo hatakusalimu hata njiani.
Huyo ndiye ushindi wako.

Wenzake walipotoka kutafuta mkate wa mofa,
Badi alibaki, nadhani kwa sababu ya chaji.
Nikamwambia, weka vidole hapa, mkononi mwangu.
Aliruka kama aliyeshika waya.
"Mwalimu, panavuma!"
Panavuma, naam. Mshipa umeshonwa kwenye mshipa
ili damu ipate mlango.
"Nani alishona?"
Mtu aliyewahi kukaa benchi la nyuma, nikasema,
na wewe benchi hilo unalijua.

Hakujibu. Akaondoka, akaisahau simu.
Aliporudi kuifuata, saa nzima imepita,
hakuichukua. Alisimama akisoma namba za mashine,
midomo ikichezacheza kama mtoto wa chuoni,
kisha akauliza ile ya chini kushoto ina maana gani.

Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu.
Nikamwambia, kaa.